Mwalimu Aliyejifunza kwa Kutazama

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani, zinatunzwa karatasi za marehemu Amos Alonzo Stagg. Bwana huyu kwanza alisoma teolojia, akitumaini kuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Lakini alipoona kuwa hana kipaji cha kuhubiri, alichagua kuwalea vijana kwa njia ya michezo. Tangu mwaka 1892 hata mwaka 1932 aliwafundisha wanafunzi wa chuo kile, mpirani na katika mbio. Watu wenye elimu huzisoma karatasi zake ili wajue jinsi kazi ya mkufunzi ilivyoanza katika vyuo.

Sisi tunaofundisha hapa Kamina hatuna maktaba ya kututunzia madaftari yetu. Mara nyingi hatuna hata saa ya kupimia mbio. Twajiuliza basi: mwalimu wa michezo asiye na kitu ataacha nini nyuma yake? Jibu moja lapatikana upande wa mashariki, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na mbele zaidi, katika nchi ya Kenya.

Huko kuna mji mdogo uitwao Iten. Umejengwa juu ya ukingo wa Bonde la Kerio, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya baridi. Mwaka 1976 alifika hapo Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa Ayalandi (sisi huku twasema Furere). Ni mtu wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, lililoanzishwa na Askofu Daniel Delany mwaka 1808. Alitumwa kufundisha jiografia katika shule ya wavulana ya Mtakatifu Patrisi, naye alidhani atakaa kwa muda mfupi tu.

Bruda huyu hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa amesomea ukufunzi wa mbio. Alimkuta shuleni kijana Mwingereza, Peter Foster, aliyekuwa akiwazoeza wanafunzi. Kaka yake Peter, Brendan Foster, alipata medali ya shaba katika mbio za mita 10,000 huko Montreal mwaka ule ule wa 1976. Bruda Colm alimsaidia Peter. Na Peter aliporudi kwao, kazi ilimwangukia yeye.

Afanye nini mtu asiyejua? Wengine wangechukua filimbi na kupiga kelele ili ujinga wao usionekane. Bruda Colm alisimama kando ya uwanja, akatazama. Alitazama jinsi mtoto anavyoweka mguu, jinsi anavyochukua mikono, jinsi kichwa kinavyokaa pumzi zinapokwisha. Aliwauliza wanafunzi wake, akawasikiliza. Hivyo mwalimu akawa mwanafunzi wa wanafunzi wake, na heshima yake haikupungua.

Matunda hayakuja upesi. Kenya haikushiriki Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976 wala ya mwaka 1980. Ikafika mwaka 1988, miaka 12 baada ya Bruda kufika Iten. Huko Seoul kijana Peter Rono, aliyesoma katika shule ile, alishinda mbio za mita 1,500 akiwa na umri wa miaka 21 tu. Mwaka 1992, huko Barcelona, Matthew Birir alipata dhahabu katika mbio za kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, naye wa shule hiyo, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu akiikimbilia Denmark.

Wasichana nao hawakusahauliwa. Bruda aliwaita katika kambi zake za mazoezi, na mmoja wao, Janeth Jepkosgei, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 huko Osaka mwaka 2007. Hata David Rudisha alifika kwake akiwa bado kijana wa shule. Tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 800 chini ya dakika 1 na sekunde 41.

Je, kumbukumbu za kazi hiyo zimewekwa wapi? Ukiingia katika uwanja wa shule ile utaona miti, nayo ina vibao vyenye majina. Ni desturi ya mwanafunzi aliyepata ushindi mkubwa duniani kurudi shuleni na kupanda mti.

Hata hivyo tusidanganyike. Wengi waliokimbia Iten hawakupanda mti wowote. Walipata masomo, afya na nidhamu, wakaenda zao kuwa wakulima, walimu na wazazi. Mwalimu anayependa miti tu, bila kuwapenda hao wengine, amekuwa mfanya biashara.

Nasi tuna la kuungama. Mara ya kwanza tulipopewa saa ya michezo, tulimwona mtoto mmoja akifika wa mwisho kila siku, tukamwambia akae kando asituchelewesha. Alikaa kando. Juma lililofuata hakuja, wala hatukwenda kumtafuta. Labda alikuwa na njaa, labda alikuwa ametembea mbali asubuhi ile. Hatukujua, kwa kuwa hatukumtazama.

Kwa hiyo, ninyi walimu wenzetu, msingoje kiwanja kizuri wala viatu. Ninyi wazazi, msiseme kwamba mtoto akimbiaye anapoteza wakati, mradi masomo yake yaendelee. Nanyi wanafunzi, msimcheke anayebaki nyuma. Juma lijalo, saa ya michezo itakapofika, sisi tutasimama mwisho wa njia, tumngoje yule wa mwisho, tumwulize jina lake na mahali anakotoka.