Mbona Mwenzangu Yu Mzima?

Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 60 nchini Kenya, Kitui na Makueni zikiwa miongoni mwa kaunti zilizozika watu wake. Walikuwapo pia walionusurika, baadhi yao wakiwa wamepofuka. Sumu ni ile ile. Mbona iliwapata kwa namna tofauti?

Methanoli ni spiriti ya viwandani. Kwa ladha na harufu, ni vigumu kuitofautisha na ethanoli, ile pombe inayolevya. Kaluvu, pombe ya kienyeji inayochachushwa kwa tunda la muratina, huwa na methanoli kidogo mno. Maafa huletwa na mtu anayeiongeza kwenye kinywaji ili kiwe kikali kwa gharama ndogo.

Methanoli yenyewe haina makali sana. Ini ndilo huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo huzuia seli kutumia oksijeni. Neva za macho huumia mapema. Lakini kazi hiyo ya ini huchukua muda. Mnywaji hulala akidhani amelewa tu. Kesho yake tumbo linamsokota, anahema mbio, anaona ukungu.

Hapo ndipo walioketi meza moja hutengana. Kimeng'enya cha ini kinachovunja pombe ni kama mhudumu mwenye upendeleo: ethanoli kwanza, methanoli ingoje. Aliyekunywa ethanoli nyingi pamoja na sumu huchelewa kuugua. Ndiyo maana madaktari huweza kutumia ethanoli iliyopimwa, au fomepizoli, kukizuia kimeng'enya hicho huku mashine ikisafisha damu. Nyumbani, kuongeza pombe huficha dalili na kupoteza muda.

Kipimo na ukubwa wa mwili navyo vina neno: mililita 30 za methanoli zinaweza kuua mtu mzima. Lishe pia imo. Ini huiondoa asidi ya fomiki kwa msaada wa foleti, vitamini iliyomo kwenye kunde, mbaazi na mboga za majani. Anayekunywa kutwa bila kula ana akiba ndogo ya kujikinga.

Kwa hiyo uzima wa mwenzako usiku huo si ushahidi kwamba pombe ilikuwa safi. Anayeona ukungu au kuhema mbio baada ya kunywa apelekwe hospitalini papo hapo, na daktari aambiwe alichokunywa, saa ngapi, na nani wengine walikunywa. Hao nao waitwe, hata kama wanacheka.