Daktari bila karani: Kliniki ya mtu mmoja Marekani inaendeshwaje?

Simu inaita mara mbili, inapokewa. Si mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili. Si dada wa mapokezi. Ni daktari mwenyewe, na anakuuliza unasumbuliwa na nini.

Kwa Mmarekani aliyezoea kusikilizishwa muziki kwenye simu mpaka anachoka, hilo ni jambo la kushtua. Lakini wapo madaktari wa familia nchini humo wanaofanya kazi hivyo kila siku. Hawana karani, hawana muuguzi, hawana mhasibu. Mlango anafungua daktari, presha anapima daktari, bili anatuma daktari. Jioni, anayedeki ni yeye pia.

Anawezaje? Jibu linaanzia kwenye pesa.

Hesabu iliyowafikisha hapo

Mmoja wa walioifanya njia hii ijulikane ni Gordon Moore, daktari wa familia wa Rochester, jimbo la New York. Mwaka 2001 alianza kliniki yake bila mfanyakazi hata mmoja. Mwaka uliofuata akaandika uzoefu wake katika jarida la Family Practice Management, na kichwa cha makala yake moja kilijieleza chenyewe: daktari mmoja, chumba kimoja, mwaka mmoja baadaye.

Hoja ni rahisi ukiiweka kwa namba. Chukua mfano wa daktari anayeona wagonjwa 24 kwa siku, kila mmoja akiingiza dola 100. Hiyo ni dola 2,400. Kama asilimia 60 inaishia kwenye mishahara, pango la vyumba kadhaa na gharama nyingine, daktari anabaki na dola 960.

Sasa mchukue mwenzake aliye peke yake kwenye chumba kimoja. Anaona wagonjwa 12 tu, anaingiza dola 1,200, na gharama zake ni asilimia 20. Anabaki na dola 960 zilezile.

Kipato hakijabadilika, ila wagonjwa wamepungua nusu. Wa kwanza hana budi kumaliza mgonjwa ndani ya dakika 15 au 20. Wa pili anaweza kukaa naye nusu saa na zaidi, na bado akapata muda wa kupokea simu na kuandika bili.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni mwanzoni. Sehemu kubwa ya kazi za ofisini huletwa na wingi wa wagonjwa. Wakiwa wengi, lazima awepo wa kupanga foleni, wa kuita majina, wa kutafuta mafaili na wa kutuliza waliochoka kusubiri. Wakipungua, baadhi ya kazi hizo zinakufa zenyewe. Kliniki yenye mgonjwa mmoja kwa wakati haina haja ya ukumbi mkubwa wa kusubiria. Viti viwili vinatosha.

Karani ni simu na kompyuta

Kazi zilizobaki zimehamia kwenye programu. Mgonjwa anajipangia miadi mtandaoni, anajaza fomu kwa simu akiwa nyumbani, na siku moja kabla anapata ujumbe wa kumkumbusha. Faili lake liko kwenye kompyuta. Cheti cha dawa kinatumwa kwa mtandao moja kwa moja mpaka duka la dawa analolitaka, kwa hiyo hakuna karatasi ya kupotea njiani.

Damu anatoa daktari mwenyewe, na kampuni ya maabara inatuma mtu kuja kuchukua chupa. Vipimo vidogo kama sukari, mkojo au ujauzito anavifanya papo hapo, akiwa na cheti cha kuruhusu vipimo rahisi chini ya sheria ya maabara iitwayo CLIA. Vifaa vingi ni vya kutumia mara moja na kutupa, hivyo hana kazi ya kuchemsha.

Simu ndiyo inayotisha wageni. Akiwa na mgonjwa chumbani, nani anapokea? Hakuna. Mpigaji anaacha ujumbe wa sauti, na daktari anapiga akimaliza. Ujumbe huohuo humwambia mwenye dharura akate na kupiga 911. Wanaoendesha kliniki hizi hueleza kwamba mgonjwa akishajua atapigiwa leo, haachi ujumbe mara tatu. Na asiposumbuka kumpata daktari, simu zenyewe zinakuwa chache na fupi.

Kuandika kwa SMS za kawaida ni shida nyingine. Sheria ya HIPAA ya 1996 inataka siri za mgonjwa zilindwe, kwa hiyo madaktari wengi hutumia programu zenye ulinzi kuliko kutuma majibu ya vipimo hivihivi.

Bima ndiyo inayochosha

Kufagia chumba ni dakika kumi. Kudai pesa kwa kampuni ya bima ni kazi ya aina nyingine kabisa, na ukweli ni kwamba hapa ndipo wengi hutamani wangekuwa na msaidizi.

Kila mgonjwa akitoka, alichoumwa na alichofanyiwa lazima vigeuzwe kuwa namba. Presha ya kupanda ni I10. Mgonjwa wa zamani aliyekuja na tatizo la kawaida mara nyingi huandikwa 99213. Namba hizo zinapita kwenye kampuni ya kati inayokagua makosa, kisha zinakwenda kwa bima. Tarehe ya kuzaliwa ikikosewa, dai linarudi. Mgonjwa akibadilisha bima bila kusema, dai linarudi. Na kuna dawa na vipimo vinavyohitaji kibali cha bima kabla, maana yake ni daktari mwenye shahada mbili kukaa kwenye simu akisubiri kuhamishiwa kwa mtu mwingine.

Daktari asiye na karani hujilinda kwa njia chache. Anaandika bili mgonjwa akiwa bado amekaa mbele yake, si mwisho wa mwezi. Anachagua kampuni chache za bima zinazolipa bila usumbufu na kuziacha nyingine. Wengine wanamlipa mtu wa nje asilimia ya makusanyo ili afuatilie madai, jambo linalotia doa kidogo ile sifa ya kufanya kazi peke yako, ila linaokoa Jumamosi nyingi.

Kundi jingine limeamua kuachana na bima moja kwa moja. Wagonjwa wao wanalipa ada ya kila mwezi, mara nyingi kati ya dola 50 na 100 kwa mtu mzima, na wanamwona daktari kila wanapohitaji. Ada hiyo hailipii kulazwa wala upasuaji, kwa hiyo bado wanahitaji bima ya mambo makubwa. Tangu Januari 1, 2026, sheria ya Marekani inaruhusu wenye akaunti maalum za akiba ya matibabu zisizokatwa kodi kulipia ada kama hiyo hadi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja.

Gharama yake ipo. Daktari anayetaka kuwatoza ada hiyo wazee walio kwenye Medicare, bima ya serikali, kwa kawaida hujiondoa kwenye mpango huo, na akijiondoa ni kwa miaka 2 miwili. Na mtu asiyemudu dola 70 kila mwezi anabaki nje.

Eugene, Oregon

Daktari Pamela Wible alianza kwa kuwauliza watu. Mwaka 2005 aliitisha mikutano ya wakazi katika mji wa Eugene, akawaomba waeleze kliniki wanayoitamani. Alipata takriban kurasa 100 za maoni, akafungua kliniki kwa kuyafuata. Hakuweka wafanyakazi. Kumbe wengi hawakuwa wakitamani mashine mpya. Walitaka muda, na mtu anayewasikiliza.

Mambo ambayo programu haiwezi

Uchunguzi wa sehemu za siri huhitaji mtu wa tatu chumbani, kwa usalama wa mgonjwa na wa daktari pia. Kliniki ya mtu mmoja haina mtu huyo. Wengine humwomba mgonjwa aje na ndugu au rafiki, wengine hukodi msaidizi kwa saa chache kwa wiki, wengine huandika rufaa. Hakuna jibu lisilo na usumbufu kwa mgonjwa.

Mgonjwa akianguka chumbani, mikono ni miwili. Daktari anaweka simu kwenye spika, anapiga 911, na anaendelea kumhudumia huku akiongea.

Chanjo nazo zinahitaji friji yenye kipimajoto kinachoangaliwa kila siku. Umeme ukikatika usiku wa Jumamosi, hakuna mlinzi wa kupiga simu, kwa hiyo baadhi huweka kifaa kinachotuma tahadhari kwenye simu. Wengine wameacha chanjo kabisa na kuwaelekeza wagonjwa kwenye maduka ya dawa.

Halafu kuna siku daktari anaamka na homa. Hakuna wa kuwapigia wagonjwa 12 wa siku hiyo ila yeye mwenyewe, kitandani, kabla ya saa mbili asubuhi. Likizo hupangwa kwa kushikiana zamu na daktari mwingine aliye peke yake mji huohuo: wiki hii unapokea simu zangu, mwezi ujao napokea zako. Asiye na mwenzake wa namna hiyo hubeba simu mpaka ufukweni.

Kwa sababu hiyo madaktari makini huandika mapema nini kifanyike wakipata ajali au wakifa: nani ana nywila ya mafaili, nani atawaandikia wagonjwa barua, dawa za shinikizo la damu na kisukari zitaandikwa na nani mwezi unaofuata. Nakala inakaa kwa mwenza wa ndoa au mwanasheria, kwa kuwa ofisini hapatakuwa na mtu wa kupokea simu.