Pikapu Inapotetemeka Njia ya Bugarama

Barabara ya Taifa namba 1 huondoka Bujumbura kwenye kimo cha karibu mita 800, na kabla ya kilomita 40 kwisha imefika Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kwenye mlima huo pikapu kuukuu za dizeli hufichua maradhi yake: gari halivuti, tena linatetemeka. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye gereji nyingi, huletewa malalamiko hayo kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Mara nyingi ni mawili.

Tuanze na nguvu. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu, na hewa ya Bugarama ni nyepesi kuliko ya ufukweni mwa Tanganyika kwa zaidi ya asilimia 10. Nguvu hushuka karibu kiasi hicho hicho, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoka kama moshi mweusi. Giaboksi haina kosa hapo.

Lakini gari likiishiwa nguvu hata kwenye tambarare kila unapokanyaga mafuta sana, kagua chujio la dizeli. Tangu 2021 uhaba wa mafuta umekuwa ukirudi Burundi, na watu hununua yanayoletwa kwa madumu kutoka upande wa Kongo. Dumu hubeba maji na uchafu. Maji ni mazito kuliko dizeli: kinga kidogo kutoka chini ya chujio kwenye chupa ya kioo, acha itulie, na utayaona yamekaa chini peke yake.

Mtetemo una maswali yake. Ukitokea wakati wa kuondoka tu, shuku klachi au raba za kushikilia injini. Ukitokea kwenye mwendo, tafuta barabara tambarare isiyo na magari, kanyaga klachi na uache gari liserereke. Mtetemo ukikoma, anza na injini. Ukiendelea, kosa liko nyuma ya klachi.

Huko nyuma, propela, yaani shafti inayopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma, ndiyo hushukiwa kidogo kuliko inavyostahili. Kwa kilomita 80 kwa saa gurudumu la pikapu huzunguka kama mara 10 kwa sekunde, propela kama mara 40. Kwa hiyo mtikisiko wa pole ni wa magurudumu, na mvumo wa haraka unaopanda hadi kwenye kiti ni wa propela. Tena krosi, yaani kiungo cha kardani kwenye ncha ya propela, inapofanya kazi ikiwa imepinda haizungushi sawasawa: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili, ya ncha nyingine, hufuta kasoro ya ile ya kwanza, mradi pembe zake zilingane na propela iwe imefungwa kwa mpangilio wake. Pakia mkaa mpaka springi za nyuma zilale, pembe hubadilika. Fungua propela bila kuweka alama, uirudishe vipande vikiwa vimepishana, na gari lililokuwa zima litaanza kutetemeka.

Nimeona wenye magari wengi mno wakilipia giaboksi nzima bila sababu. Ndugu dereva, mweleze fundi mtetemo unaanza kwa kasi gani, gia ipi na mzigo gani. Mwombe abadilishe chujio na atikise krosi kwa mkono kwanza, na asiishushe propela kabla hajaitia alama.