Chanjo ya malaria: kwa nini muuguzi huchanganya vichupa viwili

Muuguzi anayetoa chanjo ya malaria aina ya RTS,S huwa na vichupa viwili mkononi: kimoja cha unga, kingine cha majimaji. Huvichanganya kwanza, kisha humdunga mtoto nusu mililita. Hakuna kichupa kinachoweza kufanya kazi ipasavyo bila mwenzake.

Unga huo ni protini inayofanana na sehemu ya gamba la kimelea cha malaria. Huufundisha mwili kukitambua kimelea kabla hakijajificha kwenye ini. Hauna kimelea hai, hivyo hauwezi kumwambukiza mtoto malaria. Tatizo ni kwamba protini ikiwa peke yake huamsha kinga kidogo tu.

Kichupa cha pili ndicho huipa nguvu. Ndani yake mna vifuko vya mafuta vidogo sana: takriban 800 vikipangwa mstari mmoja hutoshea kwenye upana wa unywele. Vifuko hivyo hubeba viamsha kinga viwili. Kimoja hutoka kwenye magome ya mti unaomea Chile, kingine hutokana na bakteria na kimepunguzwa makali. Kile cha magome kikiwa peke yake kinaweza kuumiza seli, lakini kikiwa ndani ya mafuta hakina madhara hayo na bado huamsha kinga.

Umuhimu wa viamsha hivyo ulionekana katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 1997. Watu wazima waliojitolea walichanjwa protini ile ile ikiwa na michanganyiko mitatu tofauti, kisha wakaumwa na mbu wenye malaria. Mchanganyiko wenye alumini ulimkinga mtu 1 kati ya 8. Wa mafuta pekee uliwakinga 2 kati ya 7. Wa mafuta yenye viamsha vyote viwili uliwakinga 6 kati ya 7. Baadaye nafasi ya mafuta hayo ilichukuliwa na vifuko vinavyotumika leo.

Hata hivyo, kinga hii hufifia kadiri muda unavyopita. Katika utafiti uliofanywa katika nchi 7 za Afrika, zikiwemo sehemu za Kilifi, Siaya na Kombewa hapa Kenya, watoto waliopata dozi nne walipungukiwa na visa vya malaria kwa asilimia 36 kwa takriban miaka minne. Waliopata dozi tatu walipungukiwa kwa asilimia 28.

Dozi ya nne huja muda mrefu baada ya ya tatu, wakati mtoto ameshaanza kutembea na safari za kliniki zimepungua. Ndiyo rahisi zaidi kusahaulika.

Wazazi na walezi wanahimizwa kuangalia tarehe ya dozi hiyo katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Aliyepitisha tarehe asikate tamaa. Ampeleke mtoto katika kituo cha afya kilicho karibu na kumuuliza muuguzi. Mtoto anaweza kupata joto au uvimbe kidogo baada ya sindano. Akipata degedege, apelekwe hospitalini mara moja.

Aliyechanjwa aendelee kulala ndani ya neti, na akipata homa apimwe malaria.