Goti la kuli lisipimwe kwa macho

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Manispaa ya Ilemela, mnunuzi makini wa dagaa hakubali mzigo kwa kukisia. Lakini goti la kuli anayeubeba, ambalo ndilo mtaji wake, likiumia huhesabiwa limepona mradi anatembea.

Wataalamu wa fiziotherapia hutumia vipimo vitatu. Cha kwanza ni mwendo wa goti, unaosomwa kwa kifaa cha kupimia pembe. Goti zima hunyooka hadi nyuzi 0 na kukunjika hadi kiasi cha nyuzi 135. Nyuzi 90 hutosha kukaa kitini; kuchuchumaa kunadai zaidi.

Cha pili ni nguvu za misuli, zinazopewa alama 0 hadi 5. Alama 3 ni kuweza kuunyoosha mguu dhidi ya uzito wake wenyewe. Alama 5 ni kuhimili msukumo wote wa mkono wa mpimaji. Lakini mkono si gunia. Kwa hiyo mguu huo hulinganishwa na mwenzake, na kuli huambiwa ainuke kitini kwa mguu mmoja.

Cha tatu ni unyumbufu. Mgonjwa hulala chali, paja likiwa wima, kisha hunyoosha goti. Misuli ya nyuma ya paja ikiwa imekaza, goti hukwama mapema.

Tarakimu hizo huandikwa siku ya kwanza na kupimwa tena baada ya mazoezi, ndipo faida ionekane. Kwa kuli anayelipwa kwa gunia, kurudi kazini kabla ya hesabu hiyo ni kukopa bila kujua riba.