Joe Hisaishi, mtunga muziki anayejua kunyamaza



Mwezi uliopita kwaya yetu ilienda kuimba ku kilio, kwa mwenzetu aliyefiwa na mama yake. Tuliimba kwa nguvu sana: gitare tatu, ngoma na kinanda, bila kupumzika hata kidogo. Kisha mwenzetu akatuambia kwa upole: «Asante, lakini sikusikia hata neno moja.» Maneno yale yametukaa mu roho. Ndiyo sababu leo tunawaeleza kazi ya mtu mmoja wa Japani, Joe Hisaishi, anayetunga muziki wa filme za michoro.

Jina hili si lile alilopewa na wazazi. Yeye ni Mamoru Fujisawa, alizaliwa tarehe 6 Desemba 1950 mu jimbo la Nagano. Alianza violoni akiwa na miaka 4 tu, kisha akasoma kutunga muziki ku chuo cha muziki cha Kunitachi. Alipotafuta jina la kazi, alimfikiri Quincy Jones, mwanamuziki mkubwa wa Marekani. Alama za Kijapani za «Hisaishi» zinaweza kusomwa pia «Kuishi», karibu na Quincy. Na Jones ikawa Joe.

Mu 1983 alitunga sahani ya muziki juu ya hadithi ya Nausicaä, wakati filme ilikuwa haijatoka. Hayao Miyazaki, mwenye filme, akapendezwa, na mu 1984 filme ikatoka na muziki wake. Tangu pale wakafanya kazi pamoja: Totoro mu 1988, Mononoke mu 1997, Chihiro mu 2001 (ile iliyopata Oscar mu 2003), mpaka Le Garçon et le Héron mu 2023. Alimtungia pia Takeshi Kitano, mu filme za watu wa kweli kama Hana-bi ya 1997.

Sasa, namna yake ni gani? Tumeona mambo matatu.

La kwanza, hangojei mwisho. Mara nyingi Miyazaki anamupa mawazo na maneno machache mapema, naye anatunga muziki wa kwanza. Basi muziki wake haukuji nyuma kama rangi ya kupaka ku ukuta; unaingia wakati nyumba ingali inajengwa.

La pili, anatosheka na kidogo. Tangu ujana alipenda ule muziki unaorudilia vipande vifupi, ukibadilika polepole. Mu Le Château ambulant ya 2004, wimbo mmoja wa valse unarudi mara na mara: mara piano peke yake, mara orkestra nzima. Wimbo ni ule ule, nguo ndizo zinabadilika.

La tatu, ananyamaza. Laputa ya 1986 ni filme ya saa 2 na zaidi, lakini muziki ulikuwa karibu saa 1 tu. Wakati kampuni ya Disney ilitaka kuionyesha Marekani, ilionekana kwamba kimya ni kingi sana, na Hisaishi akaandika tena muziki na kuuongeza. Kumbe hata wakubwa wanaogopa kimya, si sisi peke yetu! Lakini tazameni Chihiro, pale mtoto anapanda treni inayopita juu ya maji. Watu hawasemi. Piano inapiga polepole, inaacha nafasi, na nafasi ile mwenye kutazama anaijaza na mawazo ya moyo wake.

Si kwamba Hisaishi hana nguvu. Mu Agosti 2008, ku Budokan mu Tokyo, aliongoza wapiga vyombo na waimbaji kupita 1000. Anaweza kupiga kwa kishindo, lakini anachagua saa yake.

Basi sisi wa kwaya tumepatana hivi: Jumapili ijayo, ku ibada, ubeti wa tatu utaimbwa bila gitare, bila ngoma, bila kinanda. Tafadhali musiseme umeme umekatika. Mwenzetu atakuwa pale mu benchi, na mara hii tunataka asikie maneno.