Kiti Alichokikataa Gandalf

Makala hii inadhamiria kueleza jambo ambalo aghalabu humtatiza msomaji wa riwaya za kifantasia: iweje mhusika aliyewapiku wenzake kwa uwezo akatae kuliongoza baraza lao? Kwanza, neno kuhusu istilahi. Kumwita Gandalf 'mchawi' ni kumdhulumu, maana mchawi wetu huroga kwa husuda. Hapa ataitwa mjuzi, ingawa neno hilo nalo halitoshi.

Katika The Silmarillion (1977), kazi ya J.R.R. Tolkien iliyochapishwa baada ya kifo chake, Galadriel alitaka Gandalf awe kiongozi wa Baraza Jeupe. Gandalf alikataa. Hakutaka kufungwa na yeyote isipokuwa wale waliomtuma, wala kutulia mahali pamoja, wala kuitikia wito wa mtu. Kiti kikamwendea Saruman. Sababu hiyo ina mashiko, kwani Gandalf ni mjumbe msafiri, na mengi ayajuayo huyaokota njiani, miongoni mwa wadogo ambao wakubwa hawawahesabu. Mwenyekiti huletewa habari zilizokwisha kuchujwa.

Hata hivyo, kukataa huko kulikuwa na gharama. Mwaka wa 2851 wa Enzi ya Tatu, Gandalf, akiwa amekwisha kuthibitisha kwamba Sauron ndiye aliyejificha Dol Guldur, alilisihi baraza liishambulie ngome hiyo. Saruman alipinga, na shambulio likangoja hadi mwaka wa 2941. Miaka 90! Baadaye tunafahamu kwamba Saruman aliitamani Pete, na alitaraji ingejitokeza iwapo Sauron angeachwa kwa muda. Ndiyo maana siwaungi mkono wahakiki wanaoweka kukataa kiti na kukataa Pete katika kapu moja. Frodo alipompa Pete, Gandalf aliikataa kwa kuhofia kwamba huruma yake mwenyewe ingegeuzwa kuwa njia ya uovu. Pete humharibu aishikaye. Kiti humbana tu akikaliaye, na asipokikalia yeye hukaliwa na mwingine.

Dumbledore wa J.K. Rowling yuko karibu zaidi na mfano wa Pete. Aliukataa uwaziri zaidi ya mara moja, na katika kitabu cha mwisho (2007) anaeleza kwamba alijifunza tangu ujanani kuwa mamlaka ndiyo udhaifu wake. Lakini huyo huyo aliongoza Wizengamot, kwa hiyo hofu yake ilichagua viti.

Ged wa Ursula K. Le Guin ni mkasa tofauti kabisa. Katika Tehanu (1990) anarudi Gont akiwa amepoteza uwezo wake wote katika safari ya nchi ya wafu. Wajumbe wa mfalme wanapokuja kumtafuta, anajificha. Hapa hakuna unyenyekevu wala hekima ya kisiasa. Kuna aibu ya mtu ambaye wengine bado wanamwona mkuu, ilhali yeye anajua hana kitu. Anapanda mlimani kuchunga mbuzi, na kule Roke mabingwa wanashindwa kumpata wa kushika nafasi yake.